Kwa nini upinde wa mvua unakaa digrii 42 (jibu kwa dogo wa PCM, yani Fizikia, Kemia na Hisabati)

Dogo, umeuliza hivi: mwalimu kasema mwanga unapinda ukiingia kwenye tone la maji na rangi zinatengana, sawa, ila matone yametapakaa mbingu nzima na kila tone linapinda mwanga, sasa kwa nini rangi zikae kwenye duara moja tu, na hiyo 42 inatoka wapi. Wadau wawili hapo juu wamekujibu "ni kama prizimu". Wakuu naomba nitofautiane nanyi, prizimu inaeleza rangi, haielezi upinde. Mi nilipokuwa kidato cha sita niliambiwa 42 ni ya kukariri, nikakariri, nikafaulu, na swali likabaki palepale mpaka nilipoanza kufundisha tuisheni huku Temeke na mwanafunzi akaniuliza lilelile. Siku hiyo nikakaa chini na karatasi usiku kucha.

Chukua tone moja la duara. Mwale wa jua unaingia kwa pembe i (inapimwa kutoka kwenye mstari unaopita katikati ya tone), ndani unapinda na kuwa r, unagonga ukuta wa nyuma unaakisiwa, afu unatoka upande wa chini na kupinda tena. Kuingia unageuka i − r, kuakisiwa unageuka 180 − 2r, kutoka i − r nyingine. Jumla ni 180 + 2i − 4r. Ukitoa hiyo kwenye 180 unabaki na pembe ambayo jicho lako linaiona, kuanzia pale kivuli cha kichwa chako kinapoangukia: A = 4r − 2i.

Sasa fanya hesabu yenyewe, usiniamini mimi. Maji kipimo chake cha kupinda mwanga, n, ni kama 4/3, na r unaipata kwa sin i = n sin r. Ukiweka i = 0 unapata A = 0. Ukiweka 10 unapata 9.9, ukiweka 30 unapata 28.1, ukiweka 50 unapata 40.3. Hapo ongeza taratibu: 55 inakupa 41.6, 60 inakupa 42.0, 65 inakupa 41.3, na 70 imeshashuka hadi 39.2. Umeona? Mwanzo ukisogeza i digrii 10 jibu linaruka karibu digrii 10, ila kati ya 55 na 65 umesogeza digrii 10 zilezile na jibu halijatoka hata digrii moja. Miale yote iliyoingia kwenye hilo eneo la tone inatokea mahali pamoja, imebanana, na mwanga uliobanana ndo unaong'aa. Huo ndo upinde wenyewe, dogo.

Nimekulia Kigamboni kwa hiyo mi hii naiona kama maji ya bahari. Maji yakianza kujaa yanapanda polepole, katikati yanakimbia mpaka unahamisha ndoo zako, afu yakikaribia kujaa kabisa yanasimama, unaweza kukaa muda mrefu unaangalia alama kwenye nguzo wala haisogei, ndipo yaanze kupwa. Kitu chochote kikifika kileleni kinachelewa pale, kwa sababu kasi ya kubadilika imekuwa sifuri, na kasi ya kubadilika ndo derivativu unayoisoma darasani.

Kwa hiyo difrenshieti A kwa i na uweke sifuri: 4(dr/di) − 2 = 0, yani dr/di = 1/2. Upande mwingine kanuni ya Snell inasema sin i = n sin r, nayo ukiidifrenshieti unapata cos i = n cos r · dr/di. Weka ile nusu: 2 cos i = n cos r. Piga kipeo cha pili pande zote, badilisha n² cos² r iwe n² − sin² i, panga vizuri, unabaki na

cos² i = (n² − 1)/3

Mistari minne tu. Kwa n = 4/3 unapata i ya 59.4, r ya 40.2, na A inakuja 42 yenyewe bila kukariri. Rangi zinaingia hapa sasa: nyekundu n yake ni kama 1.331 inakupa 42.4, urujuani ni kama 1.343 inakupa 40.6. Ndo maana nyekundu iko nje na urujuani uko ndani. Na kwa sababu A haiwezi kuzidi kilele, mwanga ulioakisiwa mara moja unajaa ndani ya upinde na hauvuki nje, ukitazama vizuri utaona mbingu ya ndani ina mwanga kuliko ya nje.

Mwanahisabati Mfaransa Descartes alichapisha hiyo 42 mwaka 1637 baada ya kukokotoa mwale mmoja mmoja kwa mkono, Newton, mmoja wa walioleta derivativu, alikuwa hata hajazaliwa. Na kabla yake sana, mwanzoni mwa karne ya 14, Kamal al-Din al-Farisi kule Uajemi na Theodoric wa Freiberg kule Ujerumani, kila mtu kivyake, walitumia chupa ya duara iliyojaa maji kama tone kubwa.

Hiyo ya chupa nimeifanya nyumbani. Nilichukua globu ya zamani ile yenye waya ndani (zile za kubana matumizi usiguse, zina zebaki), nikang'oa kitako kwa koleo nikiwa nimevaa glavu, nikajaza maji, nikaifunga kamba na kuipitisha kwenye tawi la mwembe. Saa kumi na moja na nusu jioni, jua mgongoni, binti wa dada yangu akawa anavuta kamba polepole. Karibu na ukingo wa chini wa globu kuna nukta mbili za mwanga. Globu ikipanda nukta zinasogeleana. Akapiga kelele, "Mjomba, zinakutana!" Zikaungana, zikawaka rangi, mwisho nyekundu kali sana, akavuta kidogo tena, giza. Nukta mbili ni zile i mbili zinazotoa A moja, moja kabla ya 59 na nyingine baada yake, na pale zinapokutana ndo kilele. Nilisisimka mwili mzima, maana nilikuwa naiangalia derivativu ikiwa sifuri kwa macho yangu. Ukimaliza shusha globu uimwage, usiiache juani, inakusanya mwanga na inaweza kuunguza kitu.

Kuhusu ulipouliza mbona mchana hauonekani: jua likipanda zaidi ya digrii 42 upinde wote unakuwa chini ya upeo. Kwa hapa Dar kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri usihangaike kutafuta. Jioni geukia baharini, yani mashariki, asubuhi geukia upande wa Kimara, yani magharibi.

Na kama unavuka na pantoni jua likiwa chini, simama ulipe jua mgongo uangalie marasharasha yanayoruka. Maji ya chumvi n yake ni kama 1.34. Iweke kwenye ile fomula utapata 41 na kidogo, yani upinde wa bahari ni mdogo kuliko wa mvua kwa karibu digrii moja. Lete hesabu yako hapa tuikague.