Rikoli ya gari la mtumba: usikubali jibu la kaunta

Mkuu, umesema gari lako la mtumba umelikuta kwenye orodha ya rikoli (mtengenezaji kuyaita magari yenye kasoro yarekebishwe bure) ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka siku ya ajali, wakala wa mtengenezaji anakujibu hukununua kwake kwa hiyo halimhusu, na fundi wako anasema taa ya eabegi haiwaki basi usijisumbue. Wote wawili wamekupoteza, mi nilishapita huko huko.

Yangu haikuwa eabegi, ilikuwa swichi kuu ya madirisha, ile ya mlango wa dereva. Ilianza kukwamakwama, ukibonyeza unasikia kama ina mchanga ndani. Fundi akaja na kopo lake la spreya akapulizia humo, ikawa laini mpaka nikamsifu. Wiki mbili hivi baadae nipo barabarani nasikia harufu ya plastiki inaungua, nikadhani ni gari la mbele yangu, kuja kugusa swichi nakuta ni ya moto na kamoshi kanatoka pembeni ya kitufe. Nikaegesha, nikazima, nikachomoa betri mikono inatetemeka. Usiku ndo naingia mtandaoni nakuta mtengenezaji alishayaita magari yale kitambo kwa tatizo hilo hilo, na kwenye tangazo wameandika kabisa usipulizie kilainishi kwenye swichi maana inaweza kuyeyuka. Barua ya tahadhari bila shaka ilienda kwa mwenye gari wa kwanza, mi ningeijuaje?

Sasa rikoli inafuata gari, haifuati risiti. Hata mi kaunta ya wakala waliniambia hukununua hapa, sikubishana nao. Nilipiga picha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi yenyewe, usinakili ya kwenye kadi, yangu ilikuwa imekosewa 8 wakaandika B. Na kama ni ile ndefu ya tarakimu 17 jua haina kabisa herufi I, O wala Q, ukiona kama O hiyo ni sifuri. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana namba fupi yenye kistari katikati, ukiiweka kwenye tovuti ya Marekani ya kuangalia rikoli itaikataa, hiyo haimaanishi gari liko salama, tafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji ya Japani.

Picha ile nikamtumia mtengenezaji kwa barua pepe na swali moja tu, gari hili limo kwenye rikoli na je lilishatengenezwa? Jibu lao nikaliprinti nikarudi kaunta, meneja akalisoma mara mbili akaita fundi. Swichi mpya, haikufika hata saa moja, sikulipa kitu. Nikaomba karatasi yenye namba ya rikoli na ya chesisi, hiyo usiondoke bila nayo.

Turudi kwako. Kama eabegi yako ni zile za Takata, kampuni ya Japani iliyowatengenezea eabegi watengenezaji wengi wa magari, hiyo taa isikupe moyo hata kidogo. Taa inaangalia nyaya na umeme, haioni kilichomo ndani ya kopo la kujazia mfuko. Mle kuna amoniamu naitreti, kemikali ya kulipuka inayojaza mfuko, ikikaa miaka kwenye joto na unyevu inaharibika, siku ya ajali inalipuka kwa nguvu kupita kiasi, kopo la chuma linapasuka na vipande vinamrukia aliyekaa mbele. Marekani peke yake makopo kama milioni 67 yaliitwa, na kampuni yenyewe ikafilisika 2017.

Wakikwambia spea hakuna, omba wakuandikie kwamba uko kwenye foleni, na muulize mtengenezaji kwa maandishi kama gari liendeshwe au lipaki, maana kuna magari ya zamani waliyosema yasiendeshwe kabisa. Kama ni eabegi ya abiria, kile kiti asikae mtu, hata kwa safari ya dakika tano. Na huyo fundi asiguse, kwanza ni kilipuzi, pili atakufungia ya gari bovu ambayo nayo inaweza kuwa ya kundi lile lile.

Tupia hapa herufi za mwanzo za chesisi yako, namba za mwisho zifiche, tuone ni ya soko gani.