Valvu ya mdogo wangu inavuja, lakini dawa zimempa nafuu. Kwa nini apasuliwe?

Swali: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kike ana miaka 22, tunaishi Kahama. Alianza kuchoka na kuishiwa pumzi, akapimwa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) Mwanza. Karatasi inasema valvu ya mitrali inavuja sana, EF 58%. Alipewa furosemaidi na sasa hana shida, ila daktari anataka aende Dar es Salaam kupasuliwa. Mjomba hataki kabisa. Mama mkwe mtarajiwa amesikia kwamba akipasuliwa hatazaa, na posa tumeshapokea. Hatuwezi kuendelea na dawa tu?

Jibu: Marahaba. Nianze na hiyo 58%, maana imewapumbaza wengi, hata sisi wenye makoti meupe.

Valvu ya mitrali ni mlango ulio kati ya chumba cha juu na cha chini, upande wa kushoto wa moyo. Moyo ukijikaza, mlango huo hujifunga ili damu yote iende mwilini. Wa mdogo wako haufungi sawasawa. Kama umewahi kupampu kisima ambacho mpira wake umekwisha, unajua ilivyo: mkono unapanda na kushuka, maji yanarudi chini, ndoo haijai. Moyo hupiga kama mara laki moja kwa siku, na wake unafanya hivyo huku ukitanuka kidogo kidogo.

Sasa, EF hupima ni sehemu gani ya damu imetoka kwenye chumba cha chini. Haijali imekwenda wapi. Damu yake nyingi inarudi juu, kusiko na upinzani, kwa hiyo namba inapendeza kuliko hali yenyewe. Kwa mtu mwingine 58% ingekuwa ya kawaida. Kwa mwenye uvujaji mkali, ikifika 60% au kushuka, au chumba cha chini kikibaki na upana wa milimita 40 na zaidi baada ya kujikaza, tunajua misuli imeanza kushindwa. Tukisubiri sana, valvu inaweza kubadilishwa na moyo usirudie nguvu zake. Daktari wenu hana haraka isiyo na sababu.

Furosemaidi imemtoa maji kwenye mapafu, ndiyo maana analala vizuri. Mlango wenyewe haikuugusa.

Na hilo neno "hana shida" huwa silipokei hivi hivi. Msichana mmoja wa umri kama wake aliniapia kwamba yuko sawa. Nikamuuliza: kutoka bombani hadi nyumbani unatua ndoo mara ngapi? Akacheka, akasema, "Siku hizi anachota mdogo wangu." Mtu hupunguza maisha taratibu bila kujua kwamba anayapunguza. Muulize wako analalia mito mingapi, na ni kazi gani ameacha kuifanya tangu mwaka jana.

Kwa umri wake, na kwa mazingira yetu, chanzo mara nyingi ni homa ya baridi yabisi ya utotoni: koo huuma kwa sababu ya bakteria, halitibiwi, kisha kinga ya mwili inageukia valvu. Kama eko imethibitisha hivyo, anahitaji sindano ya benzathini penisilini kila wiki 4, au 3 kwa baadhi ya wagonjwa, kwa miaka mingi. Hata akishapasuliwa anaendelea. Siku ya sindano ale, anywe maji, na achomwe akiwa amelala. Wenye moyo dhaifu wakichomwa wamesimama, tena na njaa, wanaweza kuanguka.

Tuje kwenye uzazi, ambako ndiko hasa kwenye uamuzi.

Kupasuliwa hakuondoi uwezo wa kuzaa. Kinachobadilisha mambo ni aina ya tiba. Ikiwezekana kurekebisha valvu yake mwenyewe, hilo ndilo ningelitaka zaidi, ingawa valvu zilizoharibiwa na baridi yabisi huwa nene na fupi, na si zote zinazokubali. Valvu ya chuma hudumu miongo, lakini humfunga na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote, pamoja na kupima INR, yaani kasi ya damu yake kuganda, mara kwa mara. Warfarini huweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa wiki ya 6 hadi ya 12, na akiiacha kiholela damu huganda kwenye valvu. Valvu ya tishu ya mnyama haimlazimishi warfarini ya kudumu, ila kwa kijana huchakaa mapema, na upasuaji wa pili huenda ukahitajika baada ya miaka kumi hivi. (Wagonjwa Waislamu huniuliza kuhusu nguruwe. Zipo za ng'ombe. Mwambieni daktari mapema.)

Kupata mimba kabla ya matibabu nako si njia ya mkato, maana damu mwilini huongezeka karibu nusu. Mpaka uamuzi ufanyike, atumie uzazi wa mpango. Kijiti kinamfaa kuliko vidonge vyenye estrojeni, ambavyo huongeza hatari ya damu kuganda.

Upasuaji huu unafanyika nchini, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Kabla ya safari aone daktari wa meno, kwa sababu bakteria wa meno mabovu hupenda valvu mbovu. Akipata homa isiyoisha, kukosa pumzi ghafla, au kulegea upande mmoja, msisubiri tarehe ya kliniki.

Jambo la mwisho. Barua yako ina mjomba, mama mkwe na posa, lakini sikuona mahali mdogo wako anapotaka kitu. Anataka watoto wangapi, na lini? Kahama anaweza kupima INR mahali pa uhakika, au nauli itamshinda baada ya miezi mitatu? Anaogopa kisu cha kwanza, au cha pili? Daktari bingwa hawezi kumchagulia valvu bila majibu hayo. Siku ya kliniki aingie na karatasi yake ya eko, na kwanza aingie peke yake. Mchumba akitaka kuwemo, aulizwe mdogo wako kama anakubali.