Mashine Ikizima Njiani, Anza na Pumzi ya Tangi

Boti inaondoka vizuri, mashine inaitika, halafu baada ya robo saa inaanza kukohoa, inapoteza nguvu na kuzima. Unapampu kwa mkono, unangoja kidogo, inawaka. Dakika chache tu, imezima tena. Mgeni wa kazi hii hukimbilia plagi, kisha kabureta, na jioni ana ndoo ya vipuri vilivyofunguliwa bure. Kabla ya kushika spana, legeza mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa mlio wa "fyuuu", na mashine sasa ikahimili mwendo uleule uliokuwa ukiizima, basi mashine ni nzima. Tangi ndilo halipumui.

Kila mafuta yanapotoka, hewa lazima ishike nafasi yake. Mashine inayokunywa lita 20 kwa saa huvuta theluthi ya lita kila dakika, na hewa ya kiasi hichohicho inatakiwa kuingia. Tundu la hewa likiziba, mgandamizo ndani ya tangi hushuka hadi pampu ya mashine inashindwa kuvuta. Kwa mwendo wa taratibu huenda usione kitu, maana hata upenyo mdogo unatosha. Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba tangi lililojaa ndilo linalozimisha mashine mapema zaidi: juu ya mafuta kuna hewa kidogo, na ukitoa mafuta kidogo tu mvuto unakuwa mkubwa. Ndiyo maana utasikia mtu akilaumu mafuta mapya aliyojaza asubuhi.

Sasa tazama pampu ya mkono, lile yai la mpira lililo kwenye njia ya mafuta. Likinywea na kubaki bapa, kuna kizuizi kati yake na tangi. Fungua mfuniko: likiumuka, kosa ni la tundu la hewa. Lisipoumuka, achana na hewa, kagua vali ya kuzuia mafuta kujimimina pale mpira unapotoka kwenye tangi, chujio la bomba la kunyonyea, au mpira uliobambuka ngozi ya ndani ingawa nje unaonekana mzima. Lakini yai likiwa laini tu, halinywei wala haliwi gumu hata ukipampu mara ishirini, mara nyingi mfumo unavuta hewa mahali: oringi (pete ya mpira) ya kiungo imechoka au klipu imelegea. Huo ni ugonjwa mwingine, usiuchanganye na huu.

Kwa tangi la kubeba mkononi, mara nyingi kosa ni skrubu ya hewa juu ya mfuniko kusahauliwa. Ifungue ukiwa safarini, ifunge ukisafirisha tangi. Dalili iko wazi: kuta za plastiki zimevutwa ndani kama mashavu ya mzee. Kinyume chake nacho kipo. Tangi likiachwa juani limefungwa huvimba, na likiwa bado limeungwa na mashine, mgandamizo huo husukuma mafuta hadi yanapita sindano ya kabureta na kufurika. Chomoa mpira wa mafuta upande wa mashine kila unapoegesha. Matangi ya kubeba yanayofuata kanuni za Marekani za tangu 2011 hujifunga yenyewe na kushika hadi psi 5 (psi ni kipimo cha mgandamizo), kwa hiyo kuvimba kwake si ubovu; mfuniko fungua polepole. Ila vali yake ya kuingiza hewa ikinata, utarudi kwenye tatizo lilelile la kuzima njiani.

Tangi la kudumu chini ya sakafu lina mpira wa hewa unaopanda hadi kwenye kichwa kidogo ubavuni mwa boti. Hapo ndipo penye shida nyingi: chumvi iliyoganda, rangi iliyopakwa juu ya tundu, nyigu wanaojenga kwa udongo. Wavu mdogo ulio ndani ya kichwa hicho upo kuzuia moto usiingie tangini. Usiutoe, na usiuchokoe kwa waya ukautoboa. Loweka kichwa kwenye maji ya uvuguvugu chumvi iyeyuke, piga brashi laini, kausha. Kama wavu umeoza, badilisha kichwa kizima.

Kisha fuata mpira kwa mkono toka mwanzo hadi mwisho. Unatakiwa kupanda mfululizo hadi karibu na kichwa cha nje. Ukilegea ukafanya tumbo, mafuta yanayorushwa na mawimbi hulala hapo na kuwa kizibo, na hiki ni kizibo cha kuudhi kuliko vyote kwa sababu leo kipo, kesho hakipo. Fupisha mpira au ufunge juu zaidi. Upenyo wa ndani usipungue milimita 11. Boti nyingi hutumia 16. Tumia mpira wa mafuta halisi. Wa maji hulainika, hujikunja na kujiziba.

Kuhakikisha njia iko wazi, zima mashine, kata swichi kuu ya betri, fungua vifuniko vyote vya sakafu ya boti. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hukaa kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti. Chomoa mpira upande wa tangi, ziba mdomo wa tangi kwa kizibo safi, halafu pitisha hewa kwa pampu ya mguu huku mwenzako ameweka kiganja nje ubavuni. Isipotoka, ondoa kichwa cha nje na ujaribu mpira peke yake. Usipulize kwa mdomo, na usithubutu kuunga kompresa kwenye tangi: matangi haya hujaribiwa kwa psi 3 hivi, kompresa ya gereji itayapasua.

Wakati wa kujaza, tangi lisilopumua hujitangaza. Nozeli hukata kila sekunde chache au mafuta hurudi usoni mwako, kwa kuwa hewa haina pa kutokea. Ila kwanza angalia boti imekaaje. Kama mdomo wa hewa wa tangi uko upande wa omo (mbele ya boti) na watu wote wamesimama omo, mafuta huufunika na hewa hunaswa hata kama mpira ni safi. Wahamishe tezi (nyuma), jaza tena. Wala usijaze hadi shingoni: petroli huongezeka karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za joto, kwa hiyo lita 100 zikipata joto la nyuzi 20 zaidi hutafuta nafasi ya lita 2, na njia iliyopo ni tundu la hewa, kisha baharini. Acha asilimia 5 hadi 10.

Ukirudisha kichwa cha nje, elekeza tundu tezi au chini, kamwe si omo, na hakikisha mpira unapanda juu ya usawa wake kabla haujashuka kukiunga, kama shingo ya bata. Bila hivyo maji ya bahari huingia, na utayakuta chini ya chujio. Jaribio la mwisho lifanyike tangi likiwa karibu kujaa, mfuniko umekazwa, mashine kwa kasi kubwa kwa nusu saa. Ukifungua mfuniko usisikie "fyuuu", umemaliza.