Barua kwa binti yangu: kuhusu ile nafasi ya Kasapa

Lubumbashi

Mama,

Nakuita hivyo kwa kuwa umebeba jina la mama yangu mzazi, ndiyo maana hata nikitaka kukukemea inabidi kwanza nikohoe. Leo sikukemei.

Umeniuliza mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza: ningekuwa wewe, ningeshika nafasi ya asistenti pale Politekniki, kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilichopo Kasapa, au ningewafuata wale wa mgodi wa shaba wanaokuita Kolwezi? La pili umeliandika kama mzaha, lakini nakujua: mtu anatafiti vipi mashine za kubadilisha nishati katika mji ambao umeme wenyewe haukai? Nitaanza na hilo la pili, maana likishajibiwa la kwanza litakuwa jepesi.

Fuata njia ya umeme mpaka unapofika kwenye shaba. Kule Inga, kwenye bwawa la mto Kongo, maji yanazungusha turbini, turbini inazungusha jenereta, unapatikana mkondo geu, ule unaoyumba mbele na nyuma. Kuja Katanga ni kilomita 1,700 hivi, kwa hiyo unageuzwa kwanza uwe mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu, unasafiri kwa volti laki tano, na ukifika Kolwezi unarudishwa kuwa mkondo geu. Laini hiyo ilianza kazi mwaka 1982, imepangwa kubeba megawati 560, na kwa miaka mingi hapakuwa na nyingine ya aina yake ndefu kuliko hiyo duniani. Safari haijaisha. Ukiingia kwenye ukumbi wa elektrolisi, ambako umeme unatoa shaba kwenye majimaji yake, unanyooshwa mara nyingine, kwa sababu shaba haishiki kwenye kathodi, ile sahani inayoipokea, kwa mkondo unaoyumba mbele na nyuma. Kila beseni linataka volti mbili tu hivi, lakini tani moja ya shaba inameza karibu kilowati-saa 2,000. Sasa hesabu: maji, mzunguko, geu, mnyoofu, geu, mnyoofu, kemia. Kila mlango unatoza ushuru wake, na ushuru wote unalipwa kwa joto. Halafu unaniuliza mtu atatafiti nini hapa!

Lakini usianzie Inga. Anzia kwa fundi wa kusuka mota.

Ingia karakana yoyote hapa mjini ukae kwenye kibao chake asubuhi nzima. Mota inaletwa nyeusi, inanuka vanishi iliyoungua. Fundi anaifungua, anahesabu mizunguko ya koili moja moja, anapima unene wa waya kwa maikromita. Waya wa unene ule ukikosekana sokoni, anachukua mbili nyembamba na kuzisuka pamoja, jumla ya shaba ibaki ile ile. Hilo ni sawa kabisa, hata profesa angefanya hivyo. Tatizo liko kwenye hatua iliyotangulia: ili kutoa waya wa zamani, wengi huweka moto. Moto ukizidi, ile ngozi nyembamba inayotenga bati na bati ndani ya kiini inaungua, na mikondo ya kuzunguka inapata njia ndani ya chuma. Mota itasukwa vizuri, itazunguka, mwenyewe atalipa na kushukuru. Ipime bila mzigo, kabla na baada, utaona inakula wati zaidi kwa kazi ile ile ya bure.

Muulize fundi mota imekufa kwa nini. Atakujibu, “Kuranti, mama.” Usimcheke, mara nyingi amesema kweli. Chukua voltimita upime kati ya fezi, zile nyaya tatu zinazoleta umeme kwenye mota, mbili mbili: 393, 380, 367. Wastani ni 380, nayo iliyo mbali zaidi imetoka kwa volti 13, yaani asilimia 3.4. Mtu anaona ni kidogo. Kanuni ya wahandisi wa mota inasema ongezeko la joto, kwa asilimia, ni kama mara mbili ya mraba wa tofauti hiyo: hapa inakaribia 23. Mota iliyokuwa ikipanda digrii 80 juu ya joto la chumba sasa inapanda karibu 99. Na kila digrii 10 za ziada hupunguza kwa nusu maisha ya vihami, yaani vile vinavyotenga waya na waya. Kwa hiyo, kwa volti 13 ambazo hakuna aliyeziona, mota imebaki na kama robo ya umri wake.

Vitabu tulivyosomea vimeandikwa na watu ambao fezi zao zinalingana. Ufanisi ulioandikwa kwenye kibati cha mota ulipimwa kwenye umeme safi. Mota hiyo hiyo, ikiwa imesukwa mara mbili, ipo kwenye laini inayoyumba, inazimwa na delestaji (umeme kukatwa kwa zamu) na kuwashwa tena ghafla, ufanisi wake ni ngapi? Mtu wa Liège, kule Ubelgiji, akitaka kulijibu swali hilo itabidi kwanza atengeneze kwa makusudi umeme mbovu ambao sisi laini inatuletea mpaka mlangoni. Hapo ndipo utafiti wako ulipo, mama. Ninachokuomba ni kwamba uchague swali kabla ya cheo, na swali hilo liwe na mashine unayoweza kuishika.

Kuna mwanamke ningependa umsome, Mildred Dresselhaus. Alikulia Bronx, New York, katika familia maskini, akapata udaktari wa fizikia Chicago mwaka 1958, na miaka kumi baadaye akawa profesa wa uhandisi wa umeme kule MIT, akilea watoto wanne. Alishika utafiti wa kaboni wakati watu wachache waliijali. Alipofika miaka ya 1990, akageukia vyombo vinavyobadilisha joto moja kwa moja kuwa umeme, ile njia aliyoigundua Seebeck mwaka 1821 na ambayo wengi waliiona imefika mwisho wake. Mwaka 1993, pamoja na mwanafunzi wake Hicks, alionyesha kwa hesabu kwamba tabaka nyembamba sana za maada zingeweza kuongeza uwezo wa vyombo hivyo, na uwanja ule uliolala ukaamka. Sikwambii uende MIT. Nakwambia hakuanza kwa kuuliza kiti kipi kiko wazi.

Sasa vyeo, kwa kuwa najua mama yako atakuuliza. Asistenti anapewa muhula wa miaka miwili miwili, anasimamia mazoezi, anasahihisha makaratasi hadi macho yaume. Akichapisha makala zake anapanda kuwa CT (chef de travaux), ngazi iliyo juu ya asistenti. Akitetea tezi yake, yaani tasnifu ya udaktari, anaingia kwa maprofesa, naye anaanza tena kupanda ndani ya ngazi hiyo mpaka profesa odineri, cheo cha juu kabisa. Ni mwendo mrefu, na mshahara wa asistenti haulishi nyumba. Yeyote anayekwambia vinginevyo hajawahi kuusubiri. Ndiyo maana wengi wanafanya kazi za pembeni. Mimi pia nilifanya, na zilinifundisha kuliko mikutano mingi.

Ila tahadhari moja. Kampuni fulani ilinilipa nipime mota za pampu zake, nikapima, kisha wakakataa namba zile zitoke nje ya ofisi yao. Kazi nzuri ikalala kabatini kwao. Kabla ya kupokea pesa ya mtu, mwandikiane kwamba utachapisha vipimo, hata bila jina la mgodi. Wakikataa, pokea ukipenda, lakini ujue hiyo ni kazi ya kula, usiihesabu kwenye tezi.

Maabara usiiogope kwa sababu ni maskini. Mota moja, jenereta moja ya kuivuta, watimita, kipima mzunguko, na pipa la maji ya chumvi lenye sahani mbili za chuma kwa ajili ya mzigo: unazishusha sahani, mkondo unapanda, unaziinua, unashuka. Maji yatachemka, vaa viatu vya mpira, na usimwachie mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aguse. Kwa vitu hivyo unapata ufanisi wa mota kwa namba ambazo mhariri yeyote makini atakubali kuzisoma, mradi umeandika pia jinsi fezi zilivyokuwa kila ulipopima.

Basi, ningekuwa wewe, ningekubali Kasapa. Watu wa Kolwezi waandikie barua ya heshima, usifunge mlango, na uwaombe mota zao zilizoungua ambazo hawazihitaji tena. Wanazo, na nyingi zinawajazia ghala tu.

Kabla ya kutia sahihi, muulize mkuu wa idara saa ngapi za mazoezi atakupa kwa wiki, na ufunguo wa maabara ya mashine unakaa kwa nani. Akisema uko kwa mtu aliyesafiri, usisaini kwanza, nipigie.

Baba yako