Ganda la risasi si takataka: kwa vijana mnaoanza kazi kambini Ugalla

Kila ikikaribia Julai, msimu wa uwindaji wa kitalii ukiwa mlangoni, vijana hunijia hapa Tabora kuuliza kazi ya kambini ikoje. Wanauliza mshahara, wanauliza bahashishi, wanauliza kama mbung'o wa Ugalla ni wakali kama wanavyosimuliwa. (Ni wakali. Nguo za bluu na nyeusi ziache nyumbani, zinawaita.) Habari za maganda ya risasi haziulizwi na mtu. Halafu siku ya kwanza porini mgeni anafyatua, ganda linarukia kwenye nyasi, na kijana macho yote yako kwa nyati. Mtafuta nyayo mzoefu atatazama mnyama kaelekea wapi, lakini kabla hajainua mguu anajua pia ganda limeangukia wapi.

Kuna suala la hesabu, na hilo halina mjadala: askari wa wanyamapori anayefuatana nanyi anataka kujua risasi ngapi zimetoka na ngapi zimebaki. Lakini hata mgeni mwenyewe analitaka ganda lake. Ukiitazama risasi nzima ina vitu vinne: ganda, fataki iliyo katikati ya kitako, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Mlio ukishatoka, vitatu vimekwisha kazi. Ganda peke yake ndilo linaloweza kutumika tena, na mara nyingi ndilo lililokula pesa nyingi kuliko vyote. Wapigaji wengi wa Marekani na Afrika Kusini wana presi ndogo mezani kwao. Wanaling'oa fataki iliyokwisha, wanaliingiza kwenye kalibu lirudi kipimo chake, wanalijaza upya. Kwa hiyo ukimletea mgeni maganda yake yote jioni, yamefutwa vumbi, umempa zawadi asiyoitarajia.

Nisieleweke vibaya. Kujaza risasi si kazi ya kujaribia nyumbani Isevya au Cheyo. Sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi haichezi na mtu anayetengeneza risasi bila kibali. Na watakuja watu kukuomba maganda: huyu anataka kutengeneza kidani, yule ana babu mwenye gobore, mwingine hasemi anataka nini. Jibu ni moja kwa wote, hapana, hata akiwa mjomba wako. Ninachotaka mjifunze ni kulisoma ganda, kwa sababu linaeleza yaliyotokea ndani ya bunduki ambayo mgeni mwenyewe pengine hajayaona.

Anza na kitako. Fataki ya kawaida baada ya kupigwa ina kishimo katikati na kingo zake bado zina mviringo kidogo. Ukiona imebapa kabisa, imejaa mpaka pembeni kama vile imepigwa pasi, shinikizo lilikuwa kubwa. Tazama pia kama kitako kina alama inayong'aa mahali pa kitoa ganda, kile kichuma kinacholirusha nje. Halafu kumbuka bolti, yaani komeo la nyuma la raifali, ilifunguka vipi: kama mgeni alilazimika kuigonga kwa kiganja ndipo ikainuka, mwambie mwindaji bingwa palepale, usingoje chakula cha jioni. Dalili moja peke yake inaweza kudanganya, kwa sababu fataki za viwanda hazilingani ulaini. Dalili mbili kwa pamoja hazinyamaziwi.

Joto linachangia. Baruti nyingi zikiwa moto husukuma kwa nguvu zaidi, na Oktoba ya Tabora mnaijua. Sanduku la risasi halikai juu ya dashibodi ya Land Cruiser, wala halikai kwenye chuma cha bodi juani. Lifunike, liweke chini kwenye kivuli. Kuna kambi nilikuta risasi zimewekwa stoo moja na mifuko ya mbolea ya tumbaku. Hapana. Ganda limetengenezwa kwa shaba ya manjano, shaba sehemu 70 na zinki sehemu 30, na mchanganyiko huo adui yake ni amonia. Jeshi la Waingereza kule India lilisumbuka na jambo hilo zamani: maganda yalikuwa yakipasuka yenyewe wakati wa masika, hayajapigwa, yapo tu ghalani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1921 ulionyesha kuwa ni amonia, pamoja na unyevu na mkazo uliobaki ndani ya shaba tangu kiwandani. Kwa hiyo mbolea mbali, mikojo ya wanyama mbali, na sabuni za kusafishia zenye harufu kali ya amonia usizipakae kwenye maganda ya mgeni kwa nia ya kumfurahisha.

Sasa raifali mtakayokutana nayo sana ni .375 H&H Magnum, ya Holland & Holland wa London, mwaka 1912. Ganda lake lina mkanda wa shaba uliotuna juu kidogo ya kitako. Risasi inajipima ndani ya chemba, nafasi inamokaa nyuma ya mtutu, kwa kutumia mkanda huo, na mbele yake ndipo shaba inapovutika kila inapopigwa. Risasi mpya ya kiwandani haina neno. Lakini mgeni anayejaza mwenyewe, ganda lilelile kwa mara ya nne au ya tano, huyo mtazame. Chukua klipu ya karatasi, inyooshe, kunja ncha yake iwe ndoano ndogo. Ingiza ndani ya ganda tupu mpaka chini, kisha ivute juu taratibu ukiikandamiza ukutani. Ganda zima litakupa utelezi mtupu. Ganda lililochoka litakukwamisha kidogo tu, juu ya mkanda, mahali ambapo kwa nje pengine unaona pete inayong'aa imelizunguka. Hapo shaba imekuwa nyembamba. Likipigwa tena linaweza kukatika vipande viwili, kitako kikatoka na mwili ukabaki chemba, na nyati akiwa hatua chache mbele yenu. Dakika moja ya klipu chini ya mti ni bora.

Niliyonayo kuhusu magnum za rivolva, risasi zenye nguvu kuliko za kawaida, niliyapata kwa mgeni wa Texas, mtu wa makamo, mwenye funguo zilizoning'inizwa kwenye ganda tupu la .44 Magnum. Rivolva zake zilibaki kwao. Huku alikuja na raifali. Jioni motoni alimpa mzee wetu wa nyayo lile ganda, akamuuliza, "Mzee, unaona nini?" Mzee akaligeuza kwenye mwanga wa taa, akapitisha ukucha kwenye mdomo wa ganda, akasema, "Hili limekufa, bwana." Ulikuwepo ufa, mwembamba kama unywele, umeshuka kutoka mdomoni. Mgeni akacheka sana, maana ndiyo sababu lilikuwa la funguo.

Akatueleza. Ganda la rivolva ni bomba lililonyooka, halina shingo, kwa hiyo linarudishwa kipimo kwenye kalibu yenye pete ya kabaidi, kitu kigumu sana, bila hata kupakwa mafuta. Lakini kila linapojazwa, mdomo unapanuliwa kidogo ili kichwa kiingie, halafu unabanwa kwa nguvu kuingia kwenye mfereji wa kichwa. Panua, bana, panua, bana; ndiyo maana linafia mdomoni. Kubana huko si urembo. Rivolva ya magnum inarudi nyuma kwa kishindo, na risasi zilizobaki kwenye silinda zinataka kuviacha vichwa vyake vije mbele. Kichwa kimoja kikichomoza nje ya silinda, silinda haizunguki tena. Ndiyo maana pia maganda yote hukatwa urefu mmoja kabla ya kubanwa: lililo refu litabanwa kupita kiasi, fupi litabanwa nusu.

Nilichokipenda zaidi ni habari ya .357 Magnum ya mwaka 1935. Ilitoka kwenye .38 Special, unene ni uleule, ila ganda lilirefushwa kwa karibu milimita 3 na nusu makusudi, lisiweze kuingia kwenye rivolva za zamani. Kikomo cha shinikizo cha .38 ni pauni 17,000 kwa inchi ya mraba, cha .357 ni 35,000. Kinyume chake kinawezekana: .38 inaingia kwenye rivolva ya .357. Ila ukipiga nyingi, masizi hujikusanya pete ndani ya chemba, na siku utakayoweka .357 ganda litang'ang'ania kutoka. Mtu atalaumu baruti, kumbe ni uchafu. Hilo linatuhusu hata sisi: kabla hujasema shinikizo limezidi, piga brashi chemba.

Kuhusu vipimo vya baruti hakutaja hata kimoja, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema tu kwamba vinatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji, kwamba zipo baruti za magnum ambazo hata kuzipunguza ni hatari, na kwamba baruti nyepesi za haraka zinatosha kumwagwa mara mbili kwenye ganda moja usijue. Kwa hiyo yeye humulika tochi kwenye kila ganda kabla ya kuweka kichwa. Redio huwa imezimwa.

Kazi yenu basi, kwa vitendo. Maganda ya kila mgeni yakae kwenye kisanduku chake, yasichanganywe, hata kama kaliba ni moja. Lililovutika kwenye chemba ya bunduki hii halikai sawasawa kwenye ile. Lenye ufa au pete litie alama na umwonyeshe mwenyewe, usilitupe kwa hiari yako. Risasi iliyogoma kulia, mtutu ubaki umeelekea pasipo na mtu kwa nusu dakika nzima ndipo bolti ifunguliwe.

Na ukisikia mlio dhaifu, "puf" badala ya kishindo, sema "Simama!" hata kama mgeni ni mkubwa kiasi gani na anakaribia kuingiza nyingine. Kichwa kinaweza kuwa kimekwama katikati ya mtutu. Toa bolti, tazama kutokea nyuma kuelekea mbinguni. Usipouona mwanga upande wa pili, bunduki hiyo inarudi kwenye mfuko wake, na mnatembea kwenda kwenye gari.