Maski Imevaliwa, Usingizi Haujafika

Wiki mbili zilizopita niliwaomba mniandikie, ninyi mnaolala na mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kwenye maski ili koo lisizibe, na bado mnakesha. Barua zimetoka Himbi, Mugunga, Majengo, Birere, Katoyi, moja hata Bukavu, na karibu kila moja ina maneno haya: "Labda ni mimi nisiyejua kuvumilia." Hapana. Mwenye apnea ya usingizi koo lake hulegea akilala, njia ya hewa inaziba, pumzi inakatika kwa sekunde kumi au zaidi, ubongo unamshtua avute hewa, kisha inaanza upya, wengine mara thelathini na zaidi kwa saa moja. Mwili uliokabwa hivyo miaka mingi hauna budi kuuogopa usiku. Halafu siku moja unaletewa maski ya kukufunika pua, unaambiwa lala.

Mimi ni muuguzi mstaafu, si daktari wa usingizi, na huu ni mwaka wa sita nalala na mashine hii hapa Goma. Nitakayosema kuhusu presha ya hewa myapitishe kwa daktari aliyewapima, hata kama yuko Kigali au Kampala na mnaongea kwa WhatsApp tu.

"Fundi aliyeniletea mashine aliiweka 4 hadi 20, akasema itajipanga yenyewe. Nikivaa maski nahisi nanyimwa hewa, moyo unadunda, naing'oa. Nishushe presha?" (Mama wa watoto wanne, Himbi)

Usishushe, Mama. Wala huna pa kushushia, maana 4 ndiyo sakafu ya mashine hizi. Namba hizo ni sentimita za maji, na 4 hadi 20 ni upana wote ambao mashine nyingi zinao. Maana yake hakuna aliyekaa akakuchagulia kitu. Upepo wa 4 kwa mtu mzima mara nyingi ni mdogo mno. Kifua kinataka zaidi ya kinachopewa, na akili yenye wasiwasi inalisoma jambo hilo kama kukabwa. Nami niliwekewa hivyohivyo, na aliyeniuzia akaniambia nizoee. Kwa wiki tano niliivua kila usiku kabla ya saa saba, nikijilaumu. Daktari alipopandisha mwanzo hadi 7, usiku wa kwanza tu nilivuta pumzi nikashangaa kwamba haikuwa vita.

Kuna mipangilio miwili inayomhusu hasa mtu anayekesha. Wa kwanza ni rampu. Rampu huanza chini na kupanda polepole hadi presha ya matibabu, kwa dakika unazochagua, kwa kawaida 5 hadi 45. Anayelala haraka inamfaa. Wewe inakukuta dakika ya 45 macho wazi, na upepo umeshapanda. Kama mashine yako ina rampu ya "Auto", chagua hiyo, kwani hungoja mpaka isikie pumzi imekuwa ya mtu aliyelala. Kama haina, pandisha mahali inapoanzia hadi 6 au 7, au izime kabisa uone.

Wa pili, kwenye baadhi ya mashine, unaandikwa EPR. Huu hupunguza upepo wakati wa kutoa pumzi, kwa 1, 2 au 3. Lakini mashine haishuki chini ya 4 hata hapo. Kwa hiyo ukiwa kwenye 4, EPR 3 haikusaidii chochote, ni maandishi tu kwenye kioo. Ukiwa kwenye 7, unavuta kwa 7 na kutoa kwa 4, na hapo wengi husema sasa napumua. Kuna wachache ambao koo lao huziba zaidi EPR ikiwa juu, na hao daktari huwapandishia kidogo presha ya chini.

Muda wa rampu na unyevu (mvuke wa maji unaolainisha hewa) kwa kawaida viko kwenye menyu ya mgonjwa, vichezee. Presha ya chini na ya juu ziko kwenye menyu ya daktari. Najua video za kuifungua zimejaa YouTube. Bado nakusihi mwandikie daktari kwanza, na kama una ugonjwa wa moyo au wa mapafu usiiguse kabisa bila yeye. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kwa nusu au kwa moja, halafu kaa nacho wiki nzima. Mwenye wasiwasi hubadilisha vitu vitatu saa nane usiku, asubuhi hajui kipi kilimsaidia na kipi kilimuumiza.

"Mazuku yaliua mbuzi wa jirani yetu. Nikivaa maski nafikiri hewa ninayotoa inabaki ndani kama mazuku, nami nitafia usingizini. Na umeme ukikatika je?" (Mwalimu, Mugunga)

Mwalimu, hofu yako ina akili, maana hewa ya mazuku, inayotoka ardhini huku kwetu kwenye volkano, ni ileile unayoitoa puani: kaboni dayoksaidi, nzito kuliko hewa ya kawaida. Mazuku huua kwa sababu hewa hiyo imelala shimoni na hakuna upepo wa kuifukuza. Sasa chukua tochi uangalie maski yako mbele, au kwenye kiwiko kile inapoungana na bomba. Utaona vitundu vidogo vidogo. Washa mashine, weka kiganja, utasikia upepo unatoka bila kukoma. Hiyo ndiyo njia ya pumzi yako kutoka. (Msomaji mmoja ameniambia aliviziba kwa sparadra akidhani maski imepasuka. Ndugu yangu, ibandue leo, usingoje usiku.)

Umeme ukikatika, mashine haisukumi tena. Mwenye maski ya pua tu atafungua mdomo. Maski ya pua na mdomo ina kivalvu kidogo ambacho presha ikiisha hufunguka na kuruhusu hewa ya chumbani. Lakini usiniamini kwa maneno. Mchana, kaa kwenye kiti, vaa maski, washa mashine, mwambie mtoto achomoe waya. Mimi nilipofanya hivyo nilisikia "tap" ndogo karibu na pua, kisha harufu ya makala kutoka jikoni ikaingia, nikajua napumua hewa ya nyumba yangu. Rudia mara tatu. Baada ya hapo umeme ulikatika usiku nikaamka, nikavua, nikageuka upande, nikalala tena.

Kwa wenye betri ya sola: zimeni joto la maji na la bomba, ndivyo vinavyokula umeme mwingi. Na someni nyuma ya mashine. Nyingine zinataka volti 24, nyingine 12. Msiunganishe betri moja kwa moja bila kigeuzi cha mashine hiyohiyo.

"Kila asubuhi naangalia AHI. Jana 3, leo 11. Nikiona 11 siku yote inaharibika. Niongeze presha?" (Dada, Majengo)

Usiongeze, dada yangu. AHI ni wastani wa mara ngapi kwa saa pumzi ilikatika au kupungua. Bila matibabu, 5 hadi 15 huitwa apnea nyepesi, 15 hadi 30 ya kati, zaidi ya 30 kali. Ukiwa na mashine tunatafuta chini ya 5. Ila mashine yako haina waya kichwani mwako. Haijui kama umelala au uko macho unahesabu madeni. Inasoma upepo, basi. Mtu aliye macho saa tisa hushika pumzi akisikiliza mbwa, hugeuka, humeza mate, hushusha pumzi ndefu, na mashine inaweza kuyaandika hayo kama apnea. Mara nyingi huyaweka kwenye safu ya CA, yaani pumzi imesimama lakini koo liko wazi. Kwa hiyo 11 yako huenda inasema tu kwamba hukulala. Ukijibu kwa kuongeza presha, presha kubwa mno inaweza kweli kuleta CA za usingizini, nawe utaongeza tena.

Kabla ya kufikiria presha, angalia kama maski inavuja. Kisha funika kioo cha mashine kwa kitambaa, usisome chochote hadi Jumapili ukitoka ibadani, na siku hiyo usome wastani wa wiki. Wastani ukizidi 5 wiki baada ya wiki, hasa CA zikiwa nyingi, piga picha ya kioo umtumie daktari.

"Natumia Valium miaka miwili, naongeza chupa moja ya bia ndipo niweze kuvaa maski. Ni vibaya?" (Papa, Birere)

Ni hatari, Papa, nakuambia kwa upendo. Vyote viwili vinalegeza koo na vinauzubaisha ubongo unaopaswa kukushtua pumzi ikikatika, na vikikutana kila kimoja kinamwongezea mwenzake nguvu. Bia hiyo ya kulalia iache leo. Valium usiiache ghafla. Baada ya miaka miwili, kuikata siku moja kunaweza kuleta kutetemeka, kukesha kuliko sasa, hata degedege. Daktari ataipunguza kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Mpaka hapo, ukiimeza hakikisha maski iko usoni.

"Niweke maji gani? Sisi tunanunua bidoni kwa watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao." (Himbi tena)

Yaliyotoneshwa (eau distillée), ya famasi. Yakikosekana, lala bila maji. Pua itakauka lakini matibabu yanaendelea. Kuchemsha kunaua vijidudu, ila chumvi hubaki na kuacha ukoko mweupe. Maji ya mvua ya hapa hapana, moshi wa Nyiragongo huyatia asidi na floridi. "Maji ya betri" yanayouzwa kwa mafundi wa magari msiyaguse kamwe, pengine ni asidi yenyewe. Na kila asubuhi mwaga, suuza, anika chombo.

"Shemeji ananitumia mashine iliyotumika kutoka Brussels. Niikubali?" (Bukavu)

Muulize jina na mwaka wake kabla hajailipia ndege. Juni 2021 kampuni ya Philips iliwataka watu wairudishie mashine zake nyingi, zikiwemo DreamStation za kizazi cha kwanza, kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele ilikuwa inachakaa na vipande vyake kuweza kuingia kwenye njia ya hewa. Namba ya mashine inaweza kukaguliwa kwenye tovuti yao. Ikiwa salama, nunua maski, bomba na chujio vipya, na presha ya shemeji ifutwe, iwekwe ya kwako. Bukavu na Goma ziko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mashine mpya hujirekebisha zenyewe kwa mwinuko huo, zile za zamani sana huwekwa kwa mkono.

"Naogopa nikivaa maski sitasikia. Mei 2021 tulikimbia volkano usiku na watoto. Januari 2025 ikawa risasi. Tangu hapo naingia kitandani saa tatu, nalala saa tisa, naamka saa kumi na mbili. Mashine ni nzuri, mimi ndiye nimeshindwa." (Mama, Katoyi)

Mama yangu, hii nimeisoma mara nyingi. Usiku ule wa tarehe 22 Mei nami nilikuwa barabarani, nikitazama mbingu nyekundu nyuma yangu. Aliyekesha ili watoto wake wapone hajashindwa. Masikio yako yanafanya kazi uliyoyapa, na hayajaambiwa yapumzike.

Kwanza, maski haifuniki masikio. Mashine za kwanza, alizozibuni Colin Sullivan kule Sydney na kuzitangaza mwaka 1981, zilinguruma kwa mota kama ya kufyonzea vumbi. Ya kwako ni kimya kuliko mvua ya kawaida juu ya mabati. Lakini sikio lenye hofu linataka zaidi ya hilo, linataka kujua utatoka. Basi jifunze kutoka. Zima taa, lala, vaa maski, kisha ivue kwa mkono mmoja, vuta kanda za nyuma juu ya kichwa, zote pamoja, usihangaike na klipu. Fanya mpaka vidole vijue vyenyewe. Mfuko wenye hati za watoto na viatu uviweke mlangoni kabla ya saa mbili jioni, mara moja, usirudi kuvikagua.

Pili, maski isikutane nawe kitandani tu. Mchana, Radio Okapi ikiwa inasoma habari, kaa kwenye kiti uishike usoni kwa mkono bila kuifunga, dakika tano. Kesho ifunge. Keshokutwa washa hewa. Siku ya kutotamani kuivua, ndipo ulale nayo mchana kidogo. Ukiruka hatua ukaogopa, rudi ya nyuma, hakuna anayekuhesabia.

Tatu, kitanda. Unaingia saa tatu na kulala saa tisa, yaani saa sita kitanda kinakufundisha kukesha. Ingia saa sita, amka saa kumi na mbili kila siku, hata Jumapili. Ukikaa kama dakika ishirini hujalala, bila kutazama saa, vua maski, nenda ukae sebuleni kwenye mwanga hafifu, urudi macho yakiwa mazito na uivae tena. Ukishalala vizuri kwa wiki moja, sogeza kuingia mapema kwa robo saa. Siku za mwanzo utakuwa na usingizi mchana, usiendeshe pikipiki wala gari. Na zile picha zinazorudi, milio na kukimbia, zinahitaji mwanasaikolojia. Muulize muuguzi wa kituo chako cha afya yupo wapi wa karibu, wala usione haya.

Zoezi la giza lianze Jumamosi hii, binti yako mkubwa akihesabu kwa sauti. Niandikie ilichukua sekunde ngapi.