Jibu kwa dada wa Majengo aliyeuliza kuhusu sayansi

Mdogo wangu, umesema unapenda bayolojia na kidato cha nne umepita vizuri, ila hujamwona hata mtu mmoja wa mtaani kwenu aliyeingia kwenye utafiti, na mamako anauliza utakula nini. Nakujibu kwa yaliyonipata mimi, mzaliwa wa Kisauni, hapa hapa Mombasa. Huu ni mwaka wa 11 nafanya utafiti wa mikoko, ile miti inayoota kwenye tope la bahari.

Darasani kwetu palikuwa na picha ya Wangari Maathai. Tulikariri kwamba mwaka 1971 alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamifu, na 2004 akatunukiwa Nobeli ya Amani. Nilimwonea fahari, lakini alikuwa mbali. Sikujua pa kuanzia.

Mlango nilifunguliwa na mama mmoja mtafiti, mtu wa Mji wa Kale. Wakati huo niko atachimenti, yaani mafunzo ya kazini ya chuo, na mhadhiri mmoja alishaniambia tope si la wasichana. Siku ya kwanza kwenye hori la Tudor, maji yamekupwa, yule mama alijikaza leso kiunoni juu ya suruali, akazama topeni hadi magotini, akanipa utepe wa kupimia unene wa mti. Nikauzungusha kwenye shina usawa wa kifua, kama kitabu kilivyosema. Akaupandisha mkono wangu. "Mkoko una miguu. Tafuta mzizi wa juu kabisa unapotokea shinani, panda sentimita 30, hapo ndipo upime."

Kisha akauliza miti ile kwetu tunaiitaje. Babu yangu aliuza boriti na fito, kwa hivyo majina niliyajua: mchu, mkandaa, mlilana, mkomafi. Akaniambia niyaandike hayo kwanza, ya Kilatini yafuate. Siku ile nilihisi sikuja mikono mitupu.

Baadaye ndipo alinifaa zaidi. Barua yangu ya kuomba ufadhili aliirudisha mara 3, imejaa wino mwekundu. Wenzake walipotaka msaidizi, alinitaja nami sipo. Akaja nyumbani, akanywa kahawa na mamangu, na tangu hapo mamangu hakulalamikia tena nguo zangu za tope. Mtu wa namna hii mtafute, awe mwanamke au mwanamume, wa kwenu au la. Takwimu nilifunzwa na mzee wa Kisumu, tena kwa subira kubwa.

Mamako mwambie kazi hii inalipa. Nasomesha wadogo zangu wawili. Ukishaingia chuo, omba atachimenti kwenye taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, pale Mkomani. Kwa sasa nenda Gazi, Kwale, ambako wanakijiji wanauza kaboni ya mikoko, yaani wanalipwa kwa hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko yao, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013. Waulize wanapimaje.

Barua yoyote utakayoandika, niletee niisome kabla hujaipeleka. Na maji ya bamvu yajayo, bahari inapokupwa sana, tunaingia tena Tudor. Omba ruhusa nyumbani, njoo na mamako akipenda. Viatu vya mpira ninavyo.